WALINZI WA KOMPYUTA WANASOMEA WAPI?

Wewe mfugaji unaijua habari hii. Josho limejengwa, dawa imeletwa, lakini hakuna mtu aliyefundishwa kuichanganya. Ng'ombe wanakufa kwa ndigana na dawa ipo stoo.

Jambo kama hilo lilizipata hospitali za Uingereza tarehe 12 Mei, 2017. Wezi waliokaa mbali walizifunga kompyuta kwa programu iitwayo WannaCry. Kila kompyuta ikaandika kwenye kioo chake: lipa dola 300 ndipo ufunguliwe. Watu waliokuja kupasuliwa wakaambiwa rudini nyumbani. Magari ya wagonjwa yakapelekwa hospitali nyingine. Kumbe dawa ilikuwepo! Kampuni ya Microsoft ilikwisha kuitoa mwezi Machi. Mashine nyingi hazikuwa zimetiwa.

Basi watu wa kuitia wanafundishwa wapi? Huko Marekani, Novemba 1988, mwanafunzi mmoja aliachia programu inayojizalisha yenyewe, ikakwamisha maelfu ya kompyuta. Mwaka huo huo kikaundwa kikosi cha kupambana na mambo hayo katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, mjini Pittsburgh. Baadaye chuo hicho, na vingine vingi, vikaanza kufundisha watu walio kazini na kuwapa cheti.

Cheti si digrii. Digrii ni miaka mitatu, minne. Cheti ni kozi fupi, na anayesoma aweza kuwa karani au fundi ambaye kesho yake yuko ofisini. Anajifunza kuzihesabu mashine zote za ofisi, maana huwezi kulinda usichokijua. Anajifunza kuziba matundu kila dawa mpya inapotoka. Anaweka nakala za kumbukumbu mbali, ili mwizi akifunga hizi, zile zibaki. Anasoma daftari ambalo kompyuta hujiandikia: nani kaingia, saa ngapi. Na siku ya shambulio, kipi kichomolewe kwanza?

Walimu hodari hawaishii ubaoni. Huweka mashine za mazoezi, wakazishambulia, wanafunzi wajitetee. Mimi cheti kisicho na mazoezi hayo sikisifu. Nani atapanda basi la dereva aliyejifunza usukani kwenye picha?

Hapa Tanzania kikosi cha aina ile kipo, kinaitwa TZ-CERT, chini ya Mamlaka ya Mawasiliano. Chuo Kikuu cha Dodoma nacho kinafundisha kazi hii kwa ngazi ya digrii. Kwa hiyo mwanao akikwambia anataka kusomea ulinzi wa kompyuta, usidhani anataka kukesha getini na rungu. Muulize tu: huko chuoni, mazoezi yapo?