Mbuni ukinyauka, kagua shina

Mbuni ukigeuka njano na majani kulegea huku mibuni ya jirani imestawi, wengi huongeza mbolea. Mti haupati nafuu. Inama, uangalie pale shina linapoingia ardhini: ukikuta maranda membamba yamelundikana, hiyo ni kazi ya bungua mweupe wa kahawa, na ameianza miezi mingi iliyopita.

Bungua huyu, kwa jina la kitaalamu Monochamus leuconotus, ni mwenyeji wa Afrika. Aliishi kwenye vichaka vya porini vya jamii moja na mibuni kabla hatujampandia mashamba ya arabika, ambayo anaipenda mno. Mdudu mzima ni mbawakawa wa karibu sentimita 3, mwenye mbawa ngumu nyeupe zilizotiwa weusi kwenye ncha. Vipapasio vya dume ni virefu kuliko mwili wake. Yeye hutafuna tu magome ya vitawi laini. Anayeua mti ni mtoto wake.

Mvua zinapoanza, jike hupasua gome kwa meno, mara nyingi chini ya nusu mita kutoka ardhini, akachomeka yai humo. Baada ya wiki kama 3 hutoka funza mweupe asiye na miguu, mwenye taya ngumu. Hula chini ya gome akielekea mizizini na kulizunguka shina. Hapa ndipo penye hatari kubwa, kwa sababu chakula kinachotengenezwa na majani huteremkia mizizini kupitia gome. Mzunguko ukikamilika, mizizi hukosa chakula, na mbuni mchanga hufa. Baadaye funza huzama ndani ya shina, hufikia sentimita 5, hugeuka mbawakawa, kisha hutoka kwa tundu la mviringo. Safari hiyo yote huchukua mwaka 1 hadi 2, na nyanda za juu zenye baridi huirefusha.

Dawa ya kupulizia majani haimfikii funza aliyejichimbia. Kwa hiyo, mkulima, kagua mashina mara kwa mara. Sugua magome kwa gunzi la mahindi ili jike akose ufa wa kutagia. Ukiona tundu lenye maranda mapya, ingiza waya umchome funza. Mbuni usiopona ung'oe na uuchome moto kabla ya mvua, maana hata ukitupwa pembeni mwa shamba, mabungua waliomo bado watatoka.