Simu "haina loki": Mzazi, uliza ni loki ipi

Muuzaji wa simu za mtumba akisema "hii haina loki", mara nyingi hadanganyi. Anazungumzia loki moja tu, na zipo zaidi ya moja. Mnunuzi anafika nyumbani, anaweka laini, mtandao unashika, kila mtu anafurahi. Wiki mbili baadaye laini ya pili inakataliwa, au kioo kinaandika kwamba kifaa kina deni, au simu inapoteza mtandao kabisa kwa sababu namba yake imefungiwa. Na huenda fedha iliyotumika ilikuwa ya akiba ya kujifungua.

Familia inayonunua simu ili mama mjamzito apate mawasiliano, au ili bibi aliyebaki na wajukuu aweze kuita msaada, inatakiwa kuzijua loki hizi kabla ya kutoa fedha. Kuzijua si kazi ya fundi peke yake.

Loki inayozungumzwa zaidi ni ya mtandao. Ilizaliwa katika nchi ambako kampuni za simu humpa mteja kifaa kwa bei nafuu, au bila malipo ya mwanzo, kwa masharti kwamba atalipia huduma yao kila mwezi kwa mwaka mmoja au miwili. Ili asikimbie na simu, kampuni huifunga. Kila laini ina namba yake ya ndani, tofauti na ile unayopigiwa, na tarakimu zake za mwanzo hutaja nchi na mtandao. Kwa Tanzania huanza na 640. Simu iliyofungwa huzisoma tarakimu hizo, na ikikuta si za kampuni iliyoiuza, inaikataa laini. Kwetu sisi wa vocha utaratibu huo ni wa nadra, ndiyo maana loki nyingi za mtandao unazokutana nazo Tanga zimeingia na simu zilizotumika nje.

Nchi kadhaa zimeanza kuachana nayo. Canada ilipiga marufuku kuuza simu zilizofungwa Desemba 2017, Japani ikaizuia Oktoba 2021, Uingereza Desemba mwaka huohuo. Marekani ilipitisha sheria mwaka 2014 inayomruhusu mwenye simu kuifungua, lakini kampuni huko bado zinauza simu zikiwa zimefungwa. Kwa hiyo simu iliyouzwa Uingereza au Japani baada ya tarehe hizo haina wasiwasi mkubwa kwa loki hii. Ya Marekani iulize maswali. Tena ukiletewa iPhone 14 au ya baada ya hapo iliyouzwa Marekani, angalia ubavuni: haina sehemu ya kuweka laini ya kadi. Inatumia laini ya kielektroniki, na kabla ya kuilipia pita duka la mtandao wako uulize kama watakuwekea, na wakala wa mtaani kwenu atakusaidiaje siku laini ikisumbua.

Kwa nini mzazi wa Usagara ajali? Kwa sababu maisha ya hapa ni ya laini mbili. Mtandao unaoshika vizuri mjini si lazima ushike milimani Amani, au shambani upande wa Pangani. Mume anayevua au anayeendesha lori anapatikana kwa laini hii, fedha za ndugu zinaingia kwa ile, na bando la bei nafuu wiki hii liko kwa ya tatu. Tangu Machi 2017 Mtanzania anaweza pia kuhama mtandao bila kubadili namba, kwa kwenda kwa wakala wa mtandao anaoutaka na kutuma neno HAMA kwenda 15080. Simu iliyofungwa kwa mtandao mmoja inakunyima hayo yote. Utahama wewe, simu itabaki.

Kuipima ni rahisi, na usione aibu kufanya hivyo mbele ya muuzaji. Nenda na laini mbili za mitandao tofauti, weka moja baada ya nyingine, na kila mara piga simu kweli. Usiridhike na kuona mistari ya mtandao. Simu za Android zilizofungwa kwa kawaida zitakudai namba ya siri ya kufungua mtandao. Hapo usikubali kubahatisha, kwa kuwa baadhi ya simu hujifunga moja kwa moja baada ya majaribio machache. Kwenye iPhone, ingia Settings, kisha General, kisha About, ushuke hadi palipoandikwa Carrier Lock. Ukikuta maneno "No SIM restrictions", iko huru. Kagua pia kama ndani ya sehemu ya laini kuna kikadi chembamba kilichobandikwa juu ya laini, ambacho mafundi hukiita R-SIM. Hicho hakifungui loki, kinaidanganya simu, na siku utakaposasisha mfumo unaweza kuamka huna mtandao.

Loki ya deni

Loki hii ndiyo inayogusa familia nyingi zaidi sasa, na huzungumzwa kidogo. Simu za mkopo huuzwa kwa kianzio kidogo na malipo ya kila siku au kila wiki. Kenya, Safaricom ilianza mpango wa Lipa Mdogo Mdogo mwaka 2020, kwa shilingi 20 za huko kwa siku. Mipango ya namna hiyo ipo Tanzania pia. Ndani ya simu huwekwa programu ambayo malipo yakichelewa huifunga mpaka deni lilipwe. Hata kuifuta simu yote na kuianzisha upya hakuiondoi.

Mkopo si jambo baya. Kwa mwenye kipato cha kila siku huenda ndiyo njia pekee ya kupata simu janja. Lakini pima na hali ya nyumbani. Huduma ya m-mama, iliyozinduliwa kitaifa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 2022, hutafuta usafiri wa dharura kwa mjamzito, aliyejifungua au mtoto mchanga kupitia namba ya bure 115. Gari la wagonjwa lisipokuwepo karibu, huitwa dereva wa jamii aliyesajiliwa, na malipo yake hayatoki mfukoni mwa mama. Mpango wote huo unasimama juu ya simu: kupiga, kupigiwa, kumwelekeza dereva njia, kumwita shangazi aje kubaki na watoto. Simu iliyofungwa kwa deni saa nane usiku huenda ikakuruhusu namba ya dharura kama 112 na isikuruhusu kumpigia shangazi.

Kwa hiyo, kwa nyumba yenye mimba ya miezi minane, simu ya mkopo isiwe simu pekee. Kitochi cha laini mbili kinachokaa na chaji siku tatu kina faida kubwa kuliko simu janja inayoweza kufungwa Jumapili. Kama mkopo tayari upo, muulize wakala mambo mawili: inafungwa baada ya kuchelewa kwa muda gani, na ikifungwa bado inapokea simu? Mjaribu siku mchana kabla ya siku zenyewe kufika.

Ukinunua mkononi mwa mtu, hasa simu inayosemwa imetoka Mombasa ikapita Horohoro kwa bei ya kushangaza, fikiria kwamba huenda ni simu ya mkopo wa mtu mwingine. Mwambie muuzaji aondoe akaunti yake ya Google au Apple na kuifuta simu yote ukiwa unaona. Ikiwaka upya, iunganishe na intaneti uisubiri hadi ifike ukurasa wa mwanzo. Asiyeweza kuondoa akaunti si mwenye simu, hata kama anakuapia.

Inabaki loki ya serikali. Katikati ya Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilizima simu bandia nchi nzima, na tangu hapo mitandao hutambua kila kifaa kwa namba yake ya IMEI yenye tarakimu 15. Bonyeza *#06# uione, hakikisha inalingana na ya kwenye boksi, kisha itume kwa ujumbe kwenda 15090 upate jibu la aina ya simu. Jibu likitaja aina tofauti na uliyoshika, rudisha. Fundi anayejitolea kubadilisha IMEI anakuingiza kwenye kosa la jinai.

Na kama loki ya mtandao imeshaingia nyumbani, kwa mfano simu aliyotuma ndugu kutoka ughaibuni, usianzie kwa fundi wa Ngamiani. Mwenye mkataba ni yule ndugu. Mtumie namba ya IMEI, aiombe kampuni aliyonunulia iifungue. Akiwa amemaliza kulipa, kampuni nyingi hufanya hivyo bila malipo. Wakati mnasubiri, simu bado inatumia waifai, na watoto watakuwa wameshaigundua.