Maswali Kabla ya Sindano

Nchini Marekani, mwanamume anayelalamika uchovu na kupungukiwa hamu ya tendo la ndoa hakosi kliniki ya kumchoma testosteroni. Anayekosekana ni mtu wa kumhoji. Katika mwongozo wake wa 2018, chama cha madaktari wa mfumo wa mkojo wa nchi hiyo kilikadiria kuwa hadi robo ya wanaotumia homoni hii huanzishiwa bila kupimwa, na karibu nusu hawapimwi tena baada ya kuanza.

Daktari bingwa wa homoni anayeijua kazi yake huangalia saa kwanza. Testosteroni huwa juu asubuhi kisha hushuka, hasa kwa vijana, kwa hiyo damu hutolewa kati ya saa 2 na saa 4 asubuhi, na kipimo hurudiwa siku nyingine. Mwongozo huo unataka majibu yote mawili yawe chini ya nanogramu 300 kwa desilita, tena dalili ziwepo. Aliyepimwa saa 10 jioni, au akiwa na homa, anaweza kuonekana mgonjwa kumbe mzima.

Kiwango kikiwa chini kweli, hutafutwa chanzo. Korodani hufanya kazi kwa amri ya tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, kupitia homoni ya LH. LH ikiwa juu huku testosteroni iko chini, hitilafu iko kwenye korodani. Wengine hugundulika hapo kuwa walizaliwa na kromosomu X ya ziada. LH nayo ikiwa chini, macho yanahamia kwenye pituitari. Je, kichwa kinauma? Anajigonga mlangoni kwa kutoona pembeni? Anameza dawa za maumivu za jamii ya morfini? Kisha hupimwa prolaktini, kwa sababu uvimbe wa pituitari unaoimwaga homoni hiyo mara nyingi hutibika kwa vidonge vya kabagolini, na testosteroni ikapanda bila sindano yoyote. Aliyekimbilia sindano ameuacha uvimbe palepale.

Lakini swali ambalo halipaswi kurukwa ni hili: bado unataka mtoto? Testosteroni ya kuchomwa huifanya pituitari iamini mzigo umeshafika ghalani. Inanyamaza, na utengenezaji wa mbegu unadorora. Shirika la Afya Duniani liliwahi hata kuijaribu kama uzazi wa mpango: katika utafiti uliochapishwa 1990, zaidi ya nusu ya wanaume waliochomwa kila wiki waliishiwa mbegu kabisa. Anayetafuta mtoto huandikiwa dawa nyingine, kama klomifeni.

Kuhusu moyo, hofu imepungua. Utafiti wa TRAVERSE wa 2023, uliohusisha wanaume zaidi ya 5,200, haukuona ongezeko la mshtuko wa moyo wala kiharusi, ingawa mapigo yasiyo na mpangilio na damu kuganda mapafuni vilijitokeza zaidi. Damu pia huwa nzito: hematokriti, yaani sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu, ikifika asilimia 54, dozi hupunguzwa au husimamishwa, jambo lisiloweza kujulikana kwa mgonjwa asiyerudishwa maabara.