Mwanafunzi wa Zamani na Shule Yake

Fungueni madaftari.

Sisi watu wa Bukoba na Muleba tuna neno ambalo wenzetu wa mikoa mingine hututania nalo: "Nshomile." Maana yake ni "nimesoma." Hulicheka neno hili, tena hulipenda. Lakini anayesema "nimesoma" yafaa ajiulize: Darasa nililosomea nani alilijenga? Dawati nililokalia nani alilichonga? Hilo ni deni. Je, hulipwaje?

Wengi hudhani kwamba kuisaidia shule ya zamani ni kazi ya wakubwa walioko Dar es Salaam. Sivyo. Hata wewe uliyeishia darasa la pili ni mwanafunzi wa zamani. Tena unalo jambo ambalo mkubwa yule hana: wewe upo karibu.

Tazameni mfano. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi liliupiga mkoa wetu wa Kagera. Watu zaidi ya 15 walikufa, na nyumba nyingi zilianguka. Shule za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika sana hata zikafungwa kwa muda, na wanafunzi wakahamishiwa shule nyingine. Baadaye Ihungo ilijengwa upya, Uingereza ikisaidia. Kazi kubwa kama hiyo ni ya Serikali. Lakini ufa mpya ukutani, au mtaro ulioziba wakati wa masika, huonwa kwanza na mtu apitaye pale kila siku.

Pengine utasema, "Siku hizi shule haina ada." Ni kweli. Tangu mwaka 2016 shule za Serikali hazitozi ada kuanzia shule ya msingi mpaka kidato cha nne. Maana yake mzazi asilazimishwe kulipa. Lakini hakuna aliyekatazwa kusaidia kwa hiari yake.

Basi, fanyeni hivi.

Kwanza, nendeni kwa mwalimu mkuu mkamwulize shule inahitaji nini. Shule isiyo na maji haihitaji kengele mpya.

Pili, kila mtu ataje anachoweza. Seremala atengeneze madawati siku moja kila muhula. Mkulima alete miche ya miti ya kivuli. Bibi ajuaye kusuka mikeka awafundishe watoto, mwalimu akiwapo.

Tatu, fedha zikichangwa, zipitie kwenye kamati ya shule. Ziandikwe, stakabadhi itolewe, na hesabu isomwe mbele ya wote. Fedha zisizoandikwa huvunja urafiki, na mwaka wa pili hakuna atakayetoa.

Hapa ndipo somo letu linapowahusu ninyi hasa. Zamani mlisomewa hesabu, mkaitikia tu. Sasa mnajifunza kuisoma wenyewe. Mkiona pameandikwa mifuko 10 ya saruji, nendeni mkaihesabu. Huo nao ni msaada kwa shule, wala haugharimu hata senti moja.

Haba na haba hujaza kibaba.

Maswali ya kujadili darasani
1. Shule ya karibu nanyi inahitaji nini? Nani atakwenda kuuliza?
2. Kwa nini hesabu isomwe mbele ya wote?
3. Andika sentensi moja inayoanza hivi: "Mimi naweza kuisaidia shule yangu kwa…"