Jiko la Kuni la Kupasha Nyumba Moto: Tuchague Lipi?



Sisi wa mashamba ya chai ya milimani tunaijua baridi. Mji wa Kabale, Uganda, uko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Kericho na Limuru katika Kenya, Mufindi katika Tanzania, Gisakura katika Rwanda, Teza na Rwegura katika Burundi, kote huko habari ni moja. Mchumaji hurudi jioni nguo zimelowa, na alfajiri anatakiwa azivae tena. Mtoto analala karibu na ukuta wenye unyevu. Kwa hiyo moto ndani ya nyumba yetu si anasa.

Katika mikutano ya matawi tumeulizwa mara nyingi: tutafute jiko gani la kuni, lipike na lipashe nyumba moto, bila kumaliza mshahara na bila kutuua kwa moshi? Hapa tunajibu kwa kadiri tulivyojifunza.

JIKO LA MKAA LISILALE NDANI

Tuanze na hatari. Wengi wetu, chakula kikishaiva, huliingiza jiko la mkaa chumbani, tukafunga mlango na dirisha, tukalala. Mkaa hauna moshi, basi tunadhani hauna dhara. Kumbe mkaa unaoungua hutoa hewa sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Huingia katika damu na kuchukua nafasi ya hewa safi. Mtu huumwa kichwa, husikia kichefuchefu, hulegea, na akiwa usingizini hapati hata nafasi ya kuamka.

Tumeona sisi wenyewe familia katika laini moja ikibebwa asubuhi kupelekwa zahanati kwa sababu hiyo. Walipona, kwa kuwa jirani aligonga mlango na kuona haufunguliwi. Si wote wenye jirani wa namna hiyo. Jiko lolote lisilo na bomba la kutoa moshi nje, la mkaa au la kuni, lisitumiwe kupasha moto chumba cha kulala kilichofungwa.

Moshi wa kuni nao huua, ila polepole. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba katika mwaka 2020 watu milioni 3.2 walikufa duniani kwa sababu ya moshi wa majumbani, na kati yao zaidi ya 237,000 ni watoto chini ya miaka mitano.

SHERIA YA MOTO NI ILE ILE YA KIWANDANI

Wenzetu wa boila wanaijua kazi hii kuliko wengi. Viwanda vingi vya chai huchoma mikaratusi ili kupata mvuke wa kukaushia majani. Mwulize fundi wa boila, atakuambia mambo matatu: kuni kavu, hewa ya kutosha, na dohani inayovuta. Likikosekana moja, mvuke hupungua. Jiko la nyumbani ni boila ndogo.

Mti uliokatwa leo unaweza kuwa nusu ya uzito wake ni maji. Ukiuchoma mbichi, moto wako hufanya kazi ya kuchemsha maji hayo kwanza, na joto hilo huondoka na mvuke. Hapo ndipo masizi na machozi yanapotoka. Basi pasua kuni zingali mbichi, maana mkaratusi ukikauka ni mgumu kupasuka. Zipange juu ya mawe au magogo, zisiguse ardhi, uzifunike juu tu na kuacha ubavuni upepo upite. Zikae miezi sita au zaidi. Kwetu kwenye ukungu, zaidi. Kuni iliyokauka ina nyufa kwenye ncha, ni nyepesi, na ukigonga mbili pamoja hulia kwa sauti kali. Mbichi hutoa sauti nzito, kama ya kugonga udongo.

Usichome nguzo zilizotiwa dawa, wala mbao zenye rangi, wala kuwashia moto mifuko ya plastiki ya mbolea. Sumu yake huingia kifuani na nyingine hubaki katika majivu.

AINA ZA MAJIKO

Mafiga matatu. Hayana gharama, na hupasha moto walio karibu. Lakini sehemu kubwa ya joto hupotelea hewani, na moshi wote ni wenu.

Jiko la udongo lisilo na bomba. Mfano wake ni lile lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980 kwa kazi ya vikundi vya akina mama: mtungi wa udongo uliochomwa, unaojengewa tope pande zote. Hupunguza kuni na hupika upesi. Kwa jiko la nje, ni zuri. Kwa kupasha nyumba moto halifai, kwa kuwa moshi, hata kama umepungua, unabaki ndani.

Jiko la udongo na mchanga lenye bomba. Lilianzia Guatemala baada ya tetemeko kubwa la ardhi la mwaka 1976, likaitwa Lorena, kutokana na maneno mawili ya Kihispania: lodo, yaani tope, na arena, yaani mchanga. Lilitoa moshi nje vizuri. Lakini majaribio yalionyesha kwamba katika kupika halikuokoa kuni kama ilivyotarajiwa, kwa sababu tope zito lilinyonya joto kabla halijafika kwenye sufuria. Basi Uganda, tangu miaka ya 2000, limeenezwa jiko lililorekebishwa: chumba cha moto ni chembamba na kimezungukwa na udongo mwepesi uliochanganywa na takataka za mbao, ili moto uwake mkali na uunguze hata moshi wake. Kuni huingizwa kwa ncha, na hewa hupita chini yake.

Hapa wafanyakazi wa milimani tufikiri wenyewe. Anayeishi pwani hutaka joto lote liende kwenye sufuria. Sisi tunataka mengine yabaki nyumbani. Ule uzito wa tope uliokuwa kasoro katika kupika ni faida wakati wa usiku: moto ukizimika saa tatu, ukuta wa jiko bado una joto watoto wakiwa wamelala. Kwa hiyo chumba cha moto kiwe chepesi, na mwili wa jiko uwe mnene.

Jiko la chuma lenye bomba. Hupasha chumba moto upesi na hupoa upesi. Linabebeka. Lakini bei yake ni kubwa, bati jembamba la pipa hutoboka baada ya muda, na mtoto akiligusa anaungua. Ukilinunua, chagua chuma kinene na mlango unaofunga sawasawa, kisha uliwekee kizuizi.

TUJIULIZE KABLA YA KUCHAGUA

Nyumba ni ya nani? Jiko la tope halihamishiki. Anayejenga kwake kijijini, ajenge la tope lenye bomba. Anayekaa nyumba ya kampuni na huhamishwa kutoka laini hii kwenda nyingine, hilo ataliacha.

Paa ni la nini? Baadhi ya nyumba za zamani mashambani zimeezekwa kwa asbesto. Usilitoboe wala kulikata paa hilo hata kidogo. Vumbi lake huharibu mapafu, na ugonjwa wake hutokea baada ya miaka mingi. Bomba lipite ukutani. Kama paa ni la nyasi, bomba la chuma lisilikaribie kabisa. Penye mbao, liachwe nafasi ya sentimita 45 kila upande.

Bomba lipande wima kadiri iwezekanavyo, na ncha yake ipite kilele cha paa, ama sivyo upepo utarudisha moshi ndani. Lisafishwe masizi mara kwa mara. Masizi yakijaa, huweza kushika moto ndani ya bomba.

Upepo unaingia wapi? Kabla ya kununua jiko kubwa, ziba kwa tope nyufa za ukuta na weka dari, hata ya mikeka, mbali na bomba. Lakini acha tundu la hewa. Moto nao hupumua.

HILI SI JAMBO LA MTU MMOJA

Utasema: bomba kwenye nyumba ya kampuni ni ruhusa ya meneja, na kuni ni za kampuni. Kweli. Ndiyo maana tunaliandika katika gazeti la chama. Mkataba wa Kimataifa Na. 110 wa mwaka 1958 kuhusu mashamba makubwa una sehemu nzima ya nyumba za wafanyakazi, na unataja uingizaji wa hewa na mahali pa kupikia. Mapendekezo Na. 115 ya mwaka 1961 yanataja kinga dhidi ya baridi na unyevu. Mkataba hufunga serikali zilizouridhia tu, lakini maneno hayo yanatupa pa kuanzia tukikaa mezani na mwajiri.

Kila tawi lipeleke madai manne: ruhusa ya kuweka bomba katika kila nyumba, fundi wa kampuni alitoboe tundu mahali pa salama, mgao wa kuni ukatwe mapema ili zikauke, na banda la kuzihifadhia. Kampuni haiichomei boila yake kuni mbichi, kwa kuwa inajua ni hasara. Mtoto wa mchumaji naye asipewe moshi ambao boila haikubali.

Baridi haichagui kabila wala daraja la kazi. Ndugu, lizungumzeni jambo hili katika mkutano ujao wa tawi, kabla miezi ya baridi haijaingia.

Umoja ni nguvu.