Kahawa ya nyumbani: kinu cha jikoni, si kinu cha mawe



Siku si nyingi tulienda kumwangalia mwenzetu mmoja mwenye kutumika posti ya usiku. Bibi yake alitupokea muzuri, akatoa viti chini ya muembe, akasema: "Bababa, mungoje kidogo, nitabatwangia kahawa." Kahawa yenyewe ilikuwa ya Kivu, dada yake alimtumia mbegu zenye kukaangwa tayari kutoka Bukavu. Tulifurahi. Lakini wakati alileta kinu, tulinyamaza wote.

Kilikuwa kinu cha chuma. Bwana yake alikipata zamani, wakati alitumika kwenye depo ya wanunuzi wa mawe. Walikuwa wanapondea ndani yake mawe ya kupima, kuona kama iko shaba mingi ao cobalt. Chini kabisa, ndani ya kona, rangi ya kijani ilikuwa ingali inaonekana.

"Nilikisafisha na sabuni mara tatu," mama alisema.

Tulimwambia wazi, bila kumchekelea: mama, sabuni haitoshi. Vumbi ya shaba na cobalt inaingia ndani ya vidonda vidogo vya chuma na inakaa pale. Mawe ya kwetu Katanga yanaweza kuwa hata na uranium kidogo. Ukitwanga kahawa humo, ukimwangia maji ya moto, unakunywesha jamaa lako vitu vyenye sisi tunavaa maski kwa kuvikimbia ku kazi.

Hili si neno la kutishana. Mwaka 2009 waganga wa Université ya Lubumbashi, pamoja na wenzao wa Leuven kule Ubelgiji, walitangaza kwamba watu wenye kukaa karibu na mine na viwanda wana cobalt mingi ndani ya mkojo, na watoto ndio walikutwa na mingi zaidi. Mtoto hashuki ndani ya shimo. Vumbi ndiyo inamfuata nyumbani.

Mama hakuwa na kosa; hakuna mtu aliyemwambia. Kosa ni letu pia, sisi wa sindika: kila siku tunasema kofia, maski, viatu, lakini tunasahau kusema juu ya vyombo vyenye kuvuka mlango wa nyumba. Basi leo tuseme, na tuseme pia namna ya kusaga na kupika kahawa muzuri.

Kusaga ni kazi tunajua

Wenye kutumika kiwandani wanajua: jiwe linapondwa, linasagwa, kisha linapewa asidi ili litoe shaba. Likibaki kubwa, asidi haifiki ndani, na shaba inapotea pamoja na takataka. Likisagwa laini kupita kipimo, linakuwa matope na kuziba filtri.

Kahawa ni vilevile. Chembe kubwa zinatoa maji mepesi yenye ukali wa chungwa bichi. Unga laini wenye kukaa ndani ya maji muda mrefu unatoa uchungu. Kwa hiyo, mbele ya kusaga, jiulize kwanza: nitapika namna gani?

Kwa kinu cha mti, tia mbegu kidogo tu, mkono mmoja. Piga taratibu mpaka zipasuke, kisha zungusha mchi. Chekecha, na zile kubwa zirudishe ndani. Mwenye mashini ya mkono ana bahati, kwa sababu chembe zote zinatoka sawasawa. Mwenye mashini ya umeme yenye visu aipige kwa vipande vifupi, akiitikisa, maana ikizunguka sana inachoma kahawa. Ile mashini ya mahindi ya kartie, apana! Kahawa yako itatoka na unga, na jirani yako kesho atakula bukari nyeusi.

Saga paka yenye kutosha siku moja. Mbegu nzima zinalinda harufu yao. Unga wake unaipoteza upesi.

Namna tatu za kupika

Namna ya kwanza, ya sufuria. Saga chembe kubwa, sawa mahindi yenye kuvunjwa. Chemsha maji, ondoa sufuria ku moto, ndipo utie kahawa: vijiko viwili vya kula kwa kila bilauri. Koroga, funika, hesabu dakika nne. Nyunyiza maji baridi kidogo ili chicha ishuke chini, kisha mwanga polepole. Kosa la wengi ni kuacha kahawa ichemke pamoja na maji mpaka inakuwa dawa.

Watu wa vitabu wanasema maji yawe kati ya digri 90 na 96. Sisi hatuhitaji kipimo. Lubumbashi iko juu, karibu metre 1.200, na Kolwezi inapita pale. Huku maji yanachemka kwenye digri 95 ao 96 hivi.

Namna ya pili, ya kitambaa. Saga sawa mchanga wa mto. Shona mfuko wa pamba nyeupe, uutie kahawa, umwangie maji kidogo kwanza ili ivimbe, halafu maji yenye kubaki. Nyuma ya kazi, osha mfuko na maji tupu bila sabuni, anika ku jua. Filtri za karatasi za leo zilitoka jikoni pia: mwaka 1908, kule Dresden, mama mmoja wa Ujerumani, Melitta Bentz, alitoboa chombo cha shaba na kutia ndani karatasi ya daftari ya mtoto wake, ile ya kukausha wino.

Namna ya tatu, ya kafetiere ya Kiitalia yenye kukaa juu ya moto. Saga laini, sawa chumvi. Maji yasipite ile valve ndogo, na kahawa usiishindilie. Moto uwe mdogo. Ikianza kulia, itoe.

Kama ni mbabula, pikia inje. Makala ndani ya chumba chenye kufungwa inaua watu wakiwa usingizini.

Kahawa na saa za posti

Kahawa yenye umenywa, nyuma ya saa tano hivi, nusu ya nguvu yake ingali ndani ya damu. Mwenye posti ya usiku anywe mwanzoni na katikati ya usiku, kisha aache. Akinywa saa kumi na moja ya alfajiri, saa mbili ya asubuhi atalala macho wazi. Na ujue kwamba robusta, yenye asili yake ni mapori ya Congo, ina nguvu karibu mara mbili ya arabika ya Kivu. Mama mwenye mimba asipitishe vikombe viwili vidogo kwa siku.

Tena, kahawa haiko mapumziko. Kwenye kampuni moja yenye tulitumika, tulilalamika juu ya usiku wa saa kumi na mbili. Walitujibu na termosi ya kahawa. Tulikunywa, tukashukuru, na kesho yake tukarudi na barua ileile.

Siku ile, mama aliazima kinu cha mti kwa jirani, na kahawa ikatoka tamu kabisa. Bwana yake aliuliza: "Basi hiki cha chuma nikiuzishe ku soko?" Tulimwambia apana, maana kitaingia jikoni mwa mama mwingine. Tulikibeba sisi wenyewe mpaka ku mine, tukakitupa ndani ya vyuma vya kuyeyushwa.

Wewe msomaji, leo jioni, angalia kinu chako. Kilitoka wapi?