Sufuria ya Mtu Mmoja

Ndizi za kupika hazikubali mlaji mmoja. Ukimenya nne, ukazichanganya na maharage na kufunika kwa majani ya mgomba, kuni utakazochoma ni zilezile za kulisha watu kumi. Nililijua hilo mwezi wa tatu baada ya kumzika mume wangu hapa kibanjani, shamba la migomba la nyumbani, hatua chache kutoka jikoni. Nikaacha kupika. Mimi, Mhaya mzima, nikawa mtu wa chai na mkate huku mikungu ikiivia mgombani.

Naishi Kamachumu, wilayani Muleba. Miaka ya kazi niliimaliza Bukoba mjini, nikifundisha na kupanga chumba ambacho jirani akikohoa nilimsikia. Huku kila nyumba imejificha ndani ya migomba na mibuni yake: moshi wa jirani unauona, yeye mwenyewe humwoni. Wageni huusifu ukijani huo. Mimi niliuona ukuta. Watoto wako Mwanza na Dar es Salaam, wanapiga simu na pesa wanatuma. Lakini siku nilipojikuta nabishana na mtangazaji wa redio, tena kwa sauti, nilikubali kwamba nina upweke. 

Mwezi Juni 2025 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba mtu mmoja kati ya 6 duniani anasumbuliwa na upweke, na vijana wamo. Kwa hiyo si ugonjwa wa vikongwe tu. Mimi nilidhani dawa yake ni kutembelewa. Nikakaa kibarazani nikisubiri wageni, wakija nawahesabia dakika.

Kilichonifumbua macho ni swali. Mwaka 2000, katika kijiji cha Nyakatoke huku huku Uhaya, watafiti walipita kaya zote 119 wakimuuliza kila mtu mzima: ni nani unayeweza kumtegemea kwa msaada wa pesa, vitu au kazi, na ni nani anayeweza kukutegemea wewe? Ndugu, majirani, watu wa ukoo mmoja na wa dini moja ndio waliotajana sana. Maskini walikuwa na watu wachache kuliko wenye uwezo. Nilichukua daftari nikajiuliza vilevile. Upande wa kwanza niliujaza haraka. Upande wa pili sikuandika jina hata moja. Watoto hawanitegemei, na jirani hajawahi kuniomba hata chumvi. Nilikuwa nimekuwa mtu wa kupokea tu.

Bibi mmoja wa Nshamba, tuliyefahamiana kanisani, alinicheka nilipomlalamikia ukimya wa nyumba. Kwake kuna wajukuu watano. Mkoa wetu wa Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikogundulika mwaka 1983, na bibi wengi, baada ya kuwazika watoto wao, walijikuta wakilea tena uzeeni. "Mtoto unamficha machozi," aliniambia, "mzee mwenzako humfichi." Huko Nshamba, tangu 2003, shirika la Kwa Wazee limekuwa likiwapa wazee wa namna yake pensheni ndogo, na wazee wenyewe wana vikundi vya kusaidiana. Pesa ilimnunulia sabuni na chumvi, lakini siku anayoingoja ni ya kikundi.

Nami nilikuwa na kikundi, bujuni ya kufa na kuzikana, ila nilikuwa natuma mchango kwa simu. Mwenyekiti alinikuta njiani akanisalimia vizuri, kisha akasema: "Mwalimu, hela yako tumeipata. Wewe ndiye hatujakupata." Msiba uliofuata nilienda kumenya ndizi. Sikuhitaji kutafuta la kuongea. Mikono ikiwa na kazi, maneno yanajileta. Mwezi uliofuata wakanipa daftari la mahudhurio, kwa kuwa naandika vizuri.

Kingine nilichojifunza ni kuomba. Niliazima panga kwa jirani ingawa ninalo. Kesho yake mjukuu wake alilifuata, na jioni bibi yake akaja naye akiwa na karatasi ya hospitali nimsomee. Niliwapa kahawa ya kutafuna, akamwani. Zamani watu wawili wakitaka udugu wa kuchanjiana, omukago, walikula punje mbili za tunda moja zilizopakwa damu. Sisi tumeishia kwenye punje kavu, inatosha.

Haya hayaponyi kila kitu. Aliyekosa usingizi na hamu ya kula kwa wiki nyingi, au anayewaza kujiua, asipewe ndizi na kahawa tu. Asindikizwe hospitali, na msindikizaji amsubiri mlangoni.

Jumamosi kuna arobaini ng'ambo ya bonde. Nimepangiwa mkungu mmoja na kusoma majina. Mkungu nimeshauchagua, ule wa upande wa kaburi, ila siwezi kuubeba mwenyewe. Nitamwomba yule mjukuu wa jirani.